Pengo Lisilofunga

Mvuvi huyu simtaji jina kwa sababu ni wa hadithi. Kidonda chake ndicho cha kweli. Madaktari wa kinywa wanakijua, na mara nyingi hukutana nacho kikiwa kimeshachelewa.

Tumweke Itungi ya Kyela, ufukweni mwa ziwa, pale ambapo mchanga hauchoki kuijaza bandari. Ana miaka 58. Usiku anavua usipa kwa karabai, mchana anavuta sigara, jioni yuko kwenye kimpumu. Sigara na pombe kila kimoja kina lake, lakini vikikutana kinywani hatari huzidi mara nyingi. Mapema Machi 2020 ulimi wake uligusa kidonda kwenye ufizi wa chini, kulia. Hakikuuma. Kidonda kisichouma mtu hukisamehe.

Tarehe 16 ya mwezi huo akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na siku iliyofuata shule zikaanza kufungwa. Mpaka wa nchi wa Kasumulu hauko mbali na Itungi, na kila aliyevuka akawa wa kutiliwa shaka. Binti yake akamwambia, "Tata, twende Mbeya wakakuangalie."

"Mwanangu, unataka nikaifuate korona kitandani kwake?"

Watu wakacheka, na kicheko kikayamaliza mazungumzo.

Kumbe Tanzania haikuwafungia watu ndani. Magari ya Kyela kwenda Mbeya yaliendelea kupakia abiria kama kawaida. Njia aliifunga mwenyewe, akiwa amekaa kivulini kwake.

Mwezi wa sita jino lililo jirani na kidonda likalegea, akaling'oa. Ufizi mzima hujifunga ndani ya wiki chache. Pengo lake likabaki wazi, likaanza kunuka. Wajuzi wa kijiweni wakasema mzizi umebaki. Nyumbani walikuwa wakijifukiza nyungu na kunywa tangawizi kwa malimau, naye akaugeuza mchanganyiko huohuo kuwa dawa ya kusukutua. Ulimchoma mpaka machozi yakamtoka, naye akadhani kuchomwa ndiko kupona. Sina ugomvi na nyungu, blanketi lake liliwafariji wengi mwaka ule. Ila mvuke hauna habari na saratani.

Kidonda cha kinywani kikipita wiki mbili au tatu bila dalili ya kupona, kinatakiwa kionwe na daktari, na akikitilia shaka akate kinyama kidogo kipimwe kwa hadubini. Mvuvi wetu alipitisha miezi minane. Kufika Novemba mdomo wa chini, upande ule, ulikuwa umekufa ganzi, maana ugonjwa ulishaufikia mshipa wa fahamu upitao ndani ya mfupa wa taya. Shingoni palikuwa na tezi ngumu, ukubwa wa punje ya kakao. Ganzi ndiyo iliyomtisha. Maumivu angeyavumilia.

Mwezi Machi pengine angekatwa kipande cha ufizi, akashonwa, akarudi kwenye nyavu zake. Sasa ilibidi itoke nusu ya taya pamoja na tezi za shingo. Na taya likitoka, pale panabaki nini? Ulimi hukosa pa kujishikiza, mate humwagika, uso huporomoka upande mmoja.

Tangu David Hidalgo wa Marekani alipoeleza njia ya kulijenga taya upya mwaka 1989, madaktari huchukua ule mfupa mwembamba wa mguuni, wakaukata na kuupinda kwa umbo la taya, kisha wakaunga mishipa yake ya damu na ile ya shingoni. Ni mishipa ya milimita 2 au 3, inayoshonwa chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kazi hiyo huchukua saa 8, hata 12. Halafu muuguzi hukesha akitazama rangi ya nyama ile, maana damu ikiganda mgonjwa hurudishwa mezani haraka. Mwaka 2020 dunia ilikuwa ikigombania vitanda vya mahututi, na kupasua kinywa na koo ni kumrushia daktari matone usoni. Ndiyo maana hata madaktari wa Uingereza na kwingineko, waliojaliwa vifaa, walishauriwa kufikiria njia fupi zaidi. Mojawapo ni ile aliyoieleza Stephan Ariyan mwaka 1979: msuli wa kifua na ngozi yake, ukiwa bado umeshikwa na mishipa yake, hupitishwa chini ya ngozi ya shingo mpaka kinywani. Hakuna mshipa wa kuunga. Hakuna mfupa pia.

Hivyo ndivyo alivyofanyiwa Dar es Salaam, akawekewa na bamba la titani. Baadaye ikaja mionzi ya wiki sita. Ngozi ya kifua huhama na vinyweleo vyake, na mionzi isipoviua vyote mtu huweza kuota nywele kando ya ulimi. Mvuvi hakuliona hilo kuwa la kuchekesha.

Siku hizi hutafuna upande mmoja, na maneno yake hutoka kama ya mtu mwenye ugali wa moto mdomoni. Usiku, wenzake wanapoitana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, yeye hugonga kafi ubavuni mwa chombo, mara mbili, ndipo wajue alipo. Binti yake bado anaikumbuka asubuhi moja ya Machi. Alikuwa amesimama stendi ya Kyela na nauli ya watu wawili mkononi, akitazama gari la Mbeya likiondoka na viti vitupu.