Ua Linalomfunga Nzi



Bwana wetu aliwaambia wanafunzi wake wayatazame maua. Basi leo tulitazame moja lisilo la kawaida. Wataalamu huuita mmea wake Ceropegia, nao una aina zaidi ya 200 katika Afrika, Arabuni na Bara Hindi. Aina nyingi hutambaa, na nyingine zina kiazi ardhini. Mwenye kuupanda hutoboa kopo chini, hutia mchanga na samadi kidogo iliyooza, wala hamwagilii sana, maana kiazi huoza. Shina likikauka wakati wa kiangazi, asikitupe kiazi: kimelala tu, kinangoja mvua.

Ua lake ni kama chupa yenye shingo nyembamba. Aina moja, Ceropegia sandersonii, hupatikana kwa jirani zetu wa Msumbiji. Mwaka 2016 wataalamu walieleza kwamba hutoa harufu kama ya nyuki aliyejeruhiwa. Nzi wadogo, ambao hula nyuki aliyenaswa na buibui, huifuata harufu hiyo. Wakiingia, kuta zinateleza, hawawezi kupanda. Hufungwa humo yapata siku nzima. Kisha ua huanza kunyauka, njia hufunguka, na nzi hutoka hai, amebeba chavua mdomoni. Akiingia ua jingine, mbegu hupatikana.

Ndugu, sisi wa Kitaya tunajua kufungiwa gizani. Oktoba 2020 wavamizi walivuka Ruvuma, wakaua watu wetu, wakachoma nyumba. Si wote waliotoka salama. Hao tunawakumbuka mbele ya altare, Mungu awape pumziko. Wala hatusemi kwamba Mungu aliyapenda maovu yale. Bali sisi tuliotoka tujiulize: tumetoka tumebeba nini?

Wako wanaobeba chuki. Wakimwona mtu wa ng'ambo, ingawa ni Mmakonde mwenzao, ingawa naye alikimbia mapanga yale yale, humgeuzia mgongo. Chuki nayo ni mbegu, na huota upesi.

Paulo na Sila walifungwa Filipi kwa mapigo na minyororo (Matendo 16). Milango ilipofunguka, hawakumlipiza askari wa gereza. Walimzuia asijiue, wakamhubiria, naye akawaosha majeraha yao. Usiku ule ule akabatizwa, yeye na watu wa nyumbani mwake. Walitoka gizani wamebeba uzima, tena wakaanza kwa yule aliyewafunga.

Basi Jumapili akija mgeni kutoka ng'ambo ya mto, tusogee, tumpe nafasi kwenye benchi. Akikosa chakula, tumgawie kidogo tulicho nacho. Na mwenye moyo ambao bado ni mkavu kwa uchungu, tusimng'oe. Tumngoje kwa sala, kama kiazi kingojavyo mvua.

Mungu Baba, aliyemtoa Mwanawe kaburini, atutoe na sisi tukiwa na uzima wa kuwapelekea wengine. Amina.