Je, Makofi ni Malipo?

Wahenga walisema: "Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka." Maneno haya hutajwa ili kumwonya mwenye kujivuna. Lakini je, ngoma ikipasuka, wale walioicheza hawana wajibu wowote juu yake?

Zitazame habari za Marijani Rajab, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1955. Mwaka 1972, angali kijana mdogo, alijiunga na bendi ya Safari Trippers, na wimbo wao "Georgina" ukapendwa mno. Bendi ile haikudumu. Kufikia mwaka 1977 alikuwa katika Dar International, akaimba "Zuwena", na watu wakamwita Jabali la Muziki. Hata hivyo, katika miaka yake ya mwisho jabali huyo aliuza kanda za muziki ili apate riziki, na mwaka 1995 akafariki dunia akiwa fukara. Mwaka 2012 Serikali ilimtunukia nishani, naye alikuwa amekwisha lala kaburini miaka 17.

Huenda mtu akasema: "Mimi nilinunua sahani yake ya santuri, deni langu limekwisha." Jawabu ni kwamba alilipwa mwenye duka. Wapigaji wengi wa siku zile hawakumiliki hata magitaa waliyoyapiga. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, na mwenye vyombo ndiye aliyeshika fedha. Mwingine atasema: "Alijichagulia mwenyewe kazi hiyo." Ni kweli, lakini mkulima naye amechagua jembe, wala hatusemi kwamba kwa sababu hiyo ni haki alale na njaa.

Kosa letu ni kuipenda sauti na kumsahau mwenye sauti. Sauti haili, mwenyewe huhitaji unga, dawa na kodi ya nyumba.

Basi wewe kijana wa Temeke au Kinondoni unayetamani jukwaa, fahamu kwamba makofi ni ushahidi kuwa kazi imependeza, si ushahidi kuwa mfanyakazi amelipwa. Andikianeni mapatano kabla hujaimba, wala usiipime thamani yako kwa kelele za ukumbini, maana ukumbi hufungwa usiku ule ule. Nawe uliyecheza ngoma ya mwenzio, ulizia hali yake angali hai. Maiti hanunui unga kwa nishani.