Wanangu Mnaopiga Dawa

Wanangu mnaopiga dawa mashambani, nawaona mkikoroga kwa mkono mtupu, nozeli ikiziba mnaizibua kwa kuipuliza mdomoni, mnanawa juu juu kisha mnakula. Mkikanywa, mnajibu kwamba hamjawahi kuumwa. Jibu hilo ndilo linalonitia hofu.

Ugonjwa wa Pakinsoni, ule wa kutetemeka, haupigi hodi. Katikati ya ubongo, upande wa chini, pana sehemu ndogo nyeusi yenye seli zinazotoa dopamini, ile kemikali inayoufanya mwendo uwe mwepesi. Seli hizo zina kazi ngumu: dopamini yenyewe ikikutana na oksijeni huzaa sumu, na chuma kilichojaa pale huichochea. Mitokondria zinazozipa nguvu zina DNA yake, nayo imekaa jirani kabisa na mahali oksijeni inapotumika. Oksijeni kali ikiipata herufi G ya DNA hiyo, huiharibu hata seli ikaisoma kama T. Seli hujirekebisha, lakini uharibifu ukizidi kasi ya ukarabati, hufa. Bongo za waliofariki na ugonjwa huu zimepimwa, na alama ya G iliyoharibika ikakutwa kwa wingi palepale.

Sasa parakwati, dawa ya magugu: huchukua elektroni ndani ya seli, huipa oksijeni ikawa kali, kisha hurudi kuchukua nyingine, tena na tena. Rotenoni, ya wadudu, huzikaba mitokondria. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliofuatilia wapiga dawa wa Iowa na North Carolina walieleza kuwa uwezekano wa waliotumia mojawapo kupata Pakinsoni ulikuwa mara 2.5 ya ule wa wasioitumia. Umoja wa Ulaya haujairuhusu parakwati mashambani mwake tangu 2007.

Mzee mmoja jirani yangu, mkono wake hutetemeka ukiwa umetulia pajani, gumba likisugua kidole cha shahada kama anayevuta tasbihi. Kilichomfikisha pale sikijui. Najua tu kwamba mkono unapoanza kutetemeka, seli nyingi zimeshakufa, na pua huenda iliacha kunusa miaka mingi kabla.

Watafiti haohao waliona pia kwamba kwa waliovaa glavu muda mwingi wa kazi, parakwati haikuonekana kuongeza hatari. Glavu, wanangu! Zivaeni tangu kufungua kidumu, ogeni kabla ya kula, nguo za kazi zifuliwe peke yake. Na mwenye shamba asiyekununulia glavu, mwambie apige mwenyewe.