Mgeni wa Kanisani: Anasali ao Anatazama?

Vakansi ya sisi walimu unaijua: ni miezi miwili ya kulima na kungojea mshahara. Lakini katika mwaka 2022 mdogo wangu, mwenye anafanya kazi Dar es Salaam, alinitumia pesa ya njia ili nifike kwenye arusi yake. Nilipita Kampala, nikakaa kwa shemeji majuma mawili, ndipo nikashuka mpaka pwani. Mimi ni mtoto wa Kanisa Anglikana, nilibatizwa Boga. Basi kila Jumapili nilitafuta kanisa ya kwetu pale nilipokuwa. Niliporudi Bunia wenzangu wote waliniuliza: «Uliona nini?» Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nilisali. Na ukweli ni kwamba wangeniuliza hivyo, ningekosa jibu.

Jumapili ya kwanza nilipanda mlima wa Namirembe. Ni kanisa kubwa ya matofali mekundu, ngoma inaita watu kama vile inavyowaita kwetu. Kwetu Boga tunaweza kusema ni wajukuu wa mlima ule, maana Apolo Kivebulaya, aliyetufikia katika mwaka 1896 na kuzikwa kwetu katika mwaka 1933, alikuwa Muganda. Kiganda sikijui, isipokuwa salamu. Lakini watu walipopiga magoti nilijua ni maungamo, waliposimama wote pamoja nilijua ni Imani, nikaisema katika Kiswahili kwa sauti ya chini. Nilifurahi sana. Kisha mahubiri yalipoanza, nikaanza kuhesabu madirisha.

Jumapili ya pili shemeji alinipeleka kanisa ndogo ya mtaani, karibu na nyumba. Hapo ndipo jambo lenyewe lilitokea. Baada ya matangazo waliita wageni wasimame, waseme jina na mahali wanapotoka. Desturi hiyo tunayo hata sisi, na mimi mwenyewe nimeita wageni mara nyingi pale Bunia. Mbele yangu mama mmoja akasimama, mtoto mgongoni. Akasema katika Kiswahili chetu kwamba anatoka Boga, kwamba walikimbia vita. Watu wa Kampala wakapiga makofi, mwingine akageuza maneno katika Kiganda.

Mimi sikusimama.

Nilivaa koti ya arusi. Nilijua kwamba Mkongomani akisimama katika kanisa ya Kampala, watu wanafikiri mara moja: huyu ni mkimbizi, atatuomba kitu. Na mimi nilikuwa mtu wa vakansi! Nilitaka wanione mtalii, si mwenye shida. Katika mwaka 2021 waasi walishambulia Boga, watu wengi waliuawa, wengine wakatawanyika mpaka Uganda. Mama yule alikuwa mmoja wao, na mimi mtoto wa palepale nilikaa nyuma yake nikitazama mgongo wake na mtoto wake. Ibada ilipokwisha nilitoka kwa mlango wa pembeni. Shemeji akaniuliza: «Mbona hukusimama, mwalimu?» Nikamwambia sikusikia.

Nilifika Unguja siku ya Jumamosi. Katedrali ya Mkunazini ilijengwa mahali palipokuwa soko ya watumwa, soko yenye ilifungwa katika mwaka 1873. Siku ile nililipa tiketi kama watalii wengine, nikafuata kiongozi. Alituonyesha shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, akatuambia kwamba meza ya Bwana imesimama palepale penye mti wa kuchapia watumwa. Alitaja Manyema. Misafara ya Tippu Tip ilipita Kasongo, tunafundisha hayo darasani. Na Kiswahili hiki ninachokiandika kilitufikia kwa njia zile zile. Wazungu wawili walikuwa wanapiga picha. Mimi nilipiga pia.

Kesho yake nikarudi, mlango uleule, na hakuna aliyeniomba tiketi. Ubani ulijaa kanisa nzima, padri amevaa mavazi ya rangi, kengele inalia. Watu wa kwetu wangesema: hii ni Katoliki, tutoke! Sababu yake si Biblia, ni njia ya wamisionari tu. Wale waliofika Uganda katika mwaka 1877 walikuwa watu wa mahubiri, hawapendi mapambo. Wale wa Unguja, waliofika mapema zaidi, katika mwaka 1864, walipenda taratibu za kale za Kanisa. Kama Apolo angetufikia kutoka upande wa pwani, leo pale Bunia tungekuwa tunagombana juu ya nani anashika chetezo.

Mwenzangu mmoja mwenye kufundisha falsafa anasema basi desturi zetu ni bahati tu, hazina thamani. Hapo simkubali. Hata lugha ya mama hakuna mtu aliyeichagua, lakini anayeicheka anakuumiza. Desturi ya bahati inaweza kuwa nyumba ya kweli. Isipokuwa mwenye kujua kwamba alizaliwa ndani ya nyumba bila kuijenga, hana haki ya kumpima mgeni mlangoni. Wala mgeni hana haki ya kupima nyumba, kama vile nilivyokuwa ninafanya tangu Namirembe: hapa kwaya ni nzuri, pale mahubiri marefu, pale ubani.

Watu walipokwenda kushiriki, mzee kando yangu alinigusa mkono ili nitangulie. Nikamwambia apite. Nilibaki kwenye benchi. Si juu ya ubani. Nilikuwa ninaona tu mgongo wa mama yule, na mlango wa pembeni. Pengine hapo ndipo nilisali, mara ya kwanza katika safari nzima, sijui.

Kurudi Bunia niliomba neno katika kamati ya kanisa. Wakimbizi wa ndani wako wengi kwetu, kila Jumapili tunawasimamisha, tunapiga makofi, tunaimba, kisha tunakwenda kula kila mtu kwake. Nikasema tuache desturi hii, inamwonyesha mtu mbele ya watu kama kitu cha kutazama, inamlazimisha achague kati ya haya na uongo. Sikueleza nilivyojua hayo. Vijana wengine walinikubali. Mchungaji alinyamaza. Ndipo mama mmoja mzee wa chama cha wamama akaomba neno. Akanitazama muda, akasema: «Mwalimu, unasema vizuri. Lakini kama mugeni hasimame, mimi nitajua namna gani nani wa kupelekea sombe?»

Mambo yaliahirishwa mpaka kikao kingine. Jumapili iliyofuata zamu ya matangazo ilikuwa yangu, na wageni walikuwa saba. Niliwaita. Waliposimama nilishuka chini nikaandika jina na kitongoji cha kila mmoja kwenye kikaratasi, kazi yenye ilichukua muda, watu wakaanza kunung'unika. Kikaratasi nilimpa mama mzee.

Kuhusu Kampala, nilimpigia shemeji simu amtafute mama wa Boga. Anasema hajamwona tena katika kanisa ile.