Mlango Ambao Bado Unafunguka

Katika sharika zetu suala la marudi halijapata kuwa jepesi. Binti wa kwaya amepata mimba kabla ya ndoa, jina lake linasomwa, naye anakaa nje ya Meza ya Bwana hadi atakapotubu na kurudishwa kundini. Wapo wanaosema kanisa lenye mpaka si la Yesu, maana yeye alikula na wenye dhambi. Wengine hujibu kwamba kanisa lisilo na mpaka limekuwa soko. Wapendwa, naomba tulitazame jambo hili kupitia kitu kidogo ambacho Mungu amekiweka ndani yetu: utando unaozunguka kila seli ya mwili.

Utando huo ni mwembamba mno. Panga tando 100,000, mmoja juu ya mwingine, na hazitafikia unene wa milimita 1. Ni tabaka mbili za mafuta, zilizopachikwa protini zinazofanya kazi ya milango. Oksijeni hupita yenyewe, lakini sukari ina mlango wake, na maji yana mifereji yake. Ipo pia pampu ambayo kila mzunguko hutoa nje chembe 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Kazi hiyo haikomi hata tukilala, nayo hula sehemu kubwa ya nguvu tunayoipata katika chakula. Ikikoma kabisa, seli hufa. Basi anayesema kwamba mpaka wenyewe ni uovu, na aanzie hapa. Ila akumbuke pia kwamba utando usiopitisha chochote ungeiua seli kwa njaa.

Kipindupindu kinanifundisha zaidi. Mtu angedhani vimelea vyake hutoboa utumbo, lakini sivyo. Sumu yao huingia katika seli za utumbo mwembamba na kuufanya mlango mmoja, ule wa kutolea kloridi, ubaki wazi. Kloridi inatoka, sodiamu inafuata, na maji yanafuata. Mgonjwa aliyezidiwa huweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa. Utando haujachanika popote, na mtu anakufa.

Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, wakimbizi walifurika Bangaon, India, na kipindupindu kikawaingilia. Daktari Dilip Mahalanabis alipoona maji ya dripu yanamwishia, aliamua wagonjwa wanyweshwe maji yenye chumvi na sukari, ndugu zao wakisaidia kuwanywesha. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka hadi chini ya 4. Maji yale hayakuufunga mlango uliokwama. Yalitumia mwingine ambao sumu haikuugusa, ule unaoingiza sodiamu na sukari kwa pamoja, na maji hufuata. Chumvi tupu haifanyi kazi hiyo. Kina mama wengi wanakijua kipimo: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi.

Turudi kwa yule binti. Baraza la wazee huweza kumaliza saa nzima likijadili mlango mmoja tu: afungiwe au asifungiwe, na kwa miezi mingapi. Ni mara chache nimesikia likiuliza ni upi kwake bado unafunguka. Luther, katika Makala za Schmalkald za mwaka 1537, alipotaja njia ambazo Injili hutufikia hakuishia kwenye Meza. Alitaja Neno linalohubiriwa, Ubatizo, mamlaka ya funguo, na pia mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Hiyo ya mwisho haifungwi na marudi yoyote, nasi ndiyo tunayoisahau kwanza. Tunampelekea onyo, yaani chumvi tupu, kisha tunashangaa kwamba haliingii.

Mfano wangu una kikomo, kwa kuwa seli haitubu, na binadamu hutubu. Utando pia haumpendelei mtu, ilhali sisi huzuia kile kinachoonekana. Mimba huonekana. Kijana aliyehusika, mara nyingi, bado anaimba besi Jumapili hiyo hiyo.

Binti huyo atakwenda kliniki, na anahitaji mtu wa kumsindikiza. Atajifungua, na atahitaji uji. Kwaya haihitaji kibali cha baraza ili kuupeleka.