Je, Aliyesilimu Aende kwa Wazazi Wake Wakati wa Diwali?

Swali hili huzuka kila inapokaribia Oktoba au Novemba katika mji kama Tanga, ambako nyumba ya Mwislamu na ya Mhindu zaweza kutazamana katika mtaa mmoja wa Chumbageni. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya Kihindu, kisha akasilimu, afanyeje mama yake anapomwita nyumbani kwa Diwali? Wako wamwambiao, "Usikanyage huko, ni ukafiri mtupu." Wako wengine wamwambiao, "Nenda ukafanye wafanyavyo, ni mila tu." Majibu yote mawili hutolewa kwa haraka, na aghalabu wayatoao hawajui Diwali ni nini.

Kwanza tusahihishe maneno. Watu wa pwani humwita kila mwenye asili ya Bara Hindi "Mhindi", kisha hudhani Wahindi wote ni wa dini moja. Sivyo hata kidogo. Mabohora na Maismailia ni Wahindi, nao ni Waislamu. Magoa wengi ni Wakristo. Masingasinga wana dini yao. Mhindu ni yule afuataye dini ya Kihindu, ambaye wazee wetu walimwita Baniani, wakamtungia na methali kwamba ni mbaya lakini kiatu chake dawa. Methali hiyo ni ya sokoni, wala haifai kuwa hoja ya dini.

Neno Diwali limetoka katika Kisanskriti, na maana yake ni safu ya taa. Sikukuu hii huangukia usiku ambao mwezi hauonekani kabisa. Wahindu huhesabu miezi kwa mwandamo kama sisi, ila kila baada ya miaka mitatu hivi huongeza mwezi wa kumi na tatu. Kwa hiyo Diwali haizunguki majira yote kama Ramadhani. Kisa kisimuliwacho zaidi ni cha Rama, mwana wa mfalme, aliyekaa uhamishoni miaka 14, akamshinda Ravana aliyemteka mkewe Sita, kisha akarejea Ayodhya huku watu wakimwashia taa. Wengine hukumbuka Krishna alivyomshinda Narakasura. Wajaini nao humkumbuka mwalimu wao Mahavira, waaminiye kwamba aliiaga dunia usiku huo.

Kwa Wagujarati, ambao ni wengi miongoni mwa Wahindu wa pwani yetu, Diwali pia ni mwisho wa mwaka. Nyumba husafishwa, mapambo ya unga wa rangi huchorwa mlangoni, na mfanyabiashara hufunga daftari la hesabu la zamani na kufungua jipya. Daftari hilo jipya hufanyiwa ibada ya Lakshmi, wamwitaye mungu wa kike wa neema na mali. Tangu Wahindi wengi walipohama nchi baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971, daftari hizo zimepungua, lakini ada yenyewe ingaliko.

Hapa ndipo ulipo mpaka. Kusafisha nyumba si shirki, wala kufunga hesabu ya mwaka si shirki. Laiti Waislamu wenye maduka wangekumbuka madeni yao kwa bidii hiyo! Lakini kusimama mbele ya sanamu ya Lakshmi na kuiomba baraka ni ibada, na aliyekwisha kushuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa ila Mwenyezi Mungu hawezi kuishiriki. Kadhalika chakula: kilichotolewa kwa sanamu kisha kikagawiwa, asikile, kwani Kurani Tukufu imekataza kilichotajiwa jina la asiyekuwa Mungu. Sahani ya ladu na chevda iliyoandaliwa wageni ni jambo jingine. Aulize kwa adabu, na ataambiwa.

Ama kumtembelea mama, Surat Luqman imekwisha kukata shauri: wazazi wakimshurutisha mtu ashirikishe, asiwatii katika hilo, lakini akae nao kwa wema duniani. Bibi Asma binti Abu Bakr r.a. alipojiwa na mama yake aliyekuwa mshirikina, alimwuliza Mtume s.a.w. kama aunge naye udugu, akaamriwa aunge.

Wala asiwatukane Rama na Krishna ili aonyeshe Uislamu wake. Surat Al-An'am inakataza kuwatukana wale waombwao na wengine, na Surat Fatir inatufundisha kwamba hapana umma usiojiwa na mwonyaji. Kwa msingi huu Seyidna Ahmad a.s. wa Qadian alimhesabu Krishna kuwa nabii wa Mungu. Katika kitabu chake cha mwisho, Paigham-e-Sulh, alichokiandika mwaka 1908 siku chache kabla ya kufariki, aliwataka Wahindu na Waislamu waheshimiane katika watukufu wa dini zao.

Basi anayehofia saa ya ibada ya jioni ya Diwali aweza kwenda siku ya Mwaka Mpya, ambayo kwa kawaida hufuata kesho yake. Siku hiyo Wagujarati huzungukia wazee wao nyumba kwa nyumba, na salamu yao ni "Sal Mubarak", mwaka wenye baraka. "Mubarak" ni Kiarabu, na kila Mwislamu alijua neno hilo tangu Idi yake ya kwanza.