Mwandiko Usio na Mwandishi
Swali la kama upekee wa mwandiko ni sehemu ya maana ya maandishi, au ni alama tu iliyoachwa na mkono, limezidi uzito tangu zienee fonti za mabango zinazoiga maandishi ya mkono, yaani seti za herufi za kompyuta zilizochorwa makusudi zikiwa zimepinda, hazilingani kimo na zinarukaruka juu ya mstari, ili tangazo la mgahawa au jalada la kitabu cha watoto lionekane kama kazi ya mtu.

Kitongoji cha Selly Oak, jijini Birmingham, kilitunza ushahidi wa kulipimia swali hilo. Katika miaka ya 1920 Alphonse Mingana, msomi aliyezaliwa Iraki na kulelewa katika Kanisa la Wakaldayo, alikusanya hati za Mashariki ya Kati kwa fedha za Edward Cadbury, wa ukoo wa watengenezaji chokoleti, na hati hizo zikatunzwa Selly Oak kwa miongo mingi kabla ya kuingia katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Birmingham. Miongoni mwake mna vipande viwili vya ngozi vyenye aya za sura ya 18 hadi ya 20 za Kurani, kwa khati ya Kihijazi, mtindo wa awali wa Kiarabu ambao alifu zake huinamia kulia. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2015 viliiweka ngozi hiyo (ngozi, si wino, ingawa wengi walilisahau hilo kwa furaha) kati ya mwaka 568 na 645. Kabla ya hapo vipande hivyo vilikuwa vimejalidiwa pamoja na vingine vya khati inayofanana, mpaka mtafiti Alba Fedeli alipobaini kwamba vilitoka katika msahafu tofauti.

Kwa Waashari, wanatheolojia wanaofuatwa na Mashafii wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, maneno ya Mungu ni ya milele ilhali wino na herufi vimeumbwa, kwa hiyo mwinamo wa alifu hauongezi kitu katika wahyi. Hata hivyo unamshuhudia mja aliyeinama kuuandika, na ndiyo maana wataalamu wa hati za kale huweza kumtenga mwandishi mmoja na mwingine. Fonti huchukua ushahidi huo ikamwacha shahidi nje. Neno "saa" huifichua mara moja, kwa kuwa a zake mbili hulingana hadi kwenye kasoro, jambo ambalo mkono hauwezi. Wabunifu hodari huichorea herufi moja maumbo mawili au matatu yanayopokezana, na hivyo mashine hufundishwa kukosea kwa zamu.

Katika bango la chai na sambusa hakuna udanganyifu, maana hakuna anayedai kiapo kwa bango. Tatizo huanza katika barua ya rambirambi iliyochapwa kwa fonti ya namna hiyo na kutumwa kwa wafiwa mia, kila mmoja akidhani kuna mtu aliyeketi akamwandikia yeye.